Mazoezi na Lishe Bora Ofisini: Mwongozo Kamili kwa Aliyekabidhiwa Kazi Hiyo

Mara nyingi kazi hii humwangukia mtu mmoja. Anaweza kuwa afisa rasilimali watu, katibu wa kamati ya ustawi, au yule mwenzenu anayejulikana kwa kukimbia asubuhi. Anaambiwa "tuanzishie kitu cha afya", bajeti hapewi, muda hapewi. Basi fulana zinachapishwa, mwalimu wa mazoezi anaalikwa, picha zinapigwa, watu wanashangilia. Wiki ya tatu ukumbini wamebaki watu wanne, na wote ni wale waliokuwa wakifanya mazoezi hata kabla ya fulana. Nguvu ya soda.

Si kwamba wafanyakazi ni wavivu. Katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, wachumi Damon Jones, David Molitor na Julian Reif waliwagawa wafanyakazi karibu 5,000 kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa programu ya afya pamoja na malipo ya kushiriki, jingine halikupewa. Matokeo waliyochapisha mwaka 2019 yaliwavunja moyo wengi, kwa sababu gharama za matibabu na mahudhurio ya gym hayakutofautiana kwa maana. Waliojiunga kwa hiari walikuwa tayari na afya nzuri kuliko waliobaki nje. Mwaka huohuo Zirui Song na Katherine Baicker walichapisha utafiti mkubwa zaidi, wa wafanyakazi zaidi ya 30,000 wa kampuni ya maduka ya BJ's Wholesale Club. Baada ya miezi 18, watu wa vituo vilivyopata programu walisema wanafanya mazoezi zaidi, lakini uzito, shinikizo la damu na kolesteroli vilikuwa sawa na vya wenzao.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na watu, unaanza na ofisi yenyewe: meza ya kikao, ngazi, saa ya chakula, mashine ya vinywaji. Anayehitaji zaidi mabadiliko ndiye asiyejiandikisha popote, na njia ya kumfikia ni kubadili kile anachokutana nacho kila siku, atake asitake kuhudhuria darasa lako.

Hatua ya 1: Jua unawaomba nini hasa

Kabla ya kuhimiza, shika viwango mkononi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Ya wastani ni kama kutembea kwa mwendo wa haraka, ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Jambo lenye faida kubwa kwa ofisi ni kwamba mwongozo huo uliondoa sharti la zamani la kufanya dakika 10 mfululizo. Dakika mbili za kupanda ngazi sasa nazo zimo kwenye hesabu.

Upande wa chakula, WHO inapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, chumvi chini ya gramu 5, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai. Kopo moja la soda la mililita 330 lina gramu 35 hivi. Ukiongeza vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili viwili, kiwango kimeshapitwa kabla mtu hajagusa keki ya mwenzake aliyesherehekea kuzaliwa.

Na zile hatua 10,000? Zilianzia Japani mwaka 1965 kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabu hatua, si hospitalini. Utafiti wa I-Min Lee na wenzake wa mwaka 2019, uliowafuatilia wanawake wenye umri mkubwa, uliona vifo vikipungua kuanzia hatua kama 4,400 kwa siku, na faida kuacha kuongezeka karibu na 7,500. Mtu anayetembea hatua 3,000 ukimtajia 10,000 atacheka tu. Mwambie aongeze 1,000.

Hatua ya 2: Kagua ofisi kwa miguu yako

Chukua daftari, zunguka jengo lote siku ya kawaida ya kazi, usimwambie mtu. Anza na ngazi. Mlango uko wapi, na mgeni angeuona? Unafunguka kutoka pande zote mbili, au ukishaingia unajikuta umefungiwa hadi chini kabisa? Taa zinawaka? Kuna ndoo na deki zimehifadhiwa pale kwenye kona ya ghorofa ya pili? Ofisi nyingi zina bango la "Tumia ngazi kwa afya yako" lililobandikwa mita tatu kutoka kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa mlinzi ambaye leo si zamu yake.

Endelea. Maji ya kunywa yako umbali gani na meza ya mbali zaidi, na glasi zipo? Mashine ya vinywaji inauza nini kwenye rafu iliyo usawa wa macho? Kwenye saa ya chakula cha mchana, hesabu wangapi wanakula wakiwa mbele ya kompyuta. Mwendesha baiskeli anaweza kuiegesha wapi bila wasiwasi? Kuna mahali pa kubadilisha nguo, hata kama hakuna bafu?

Kisha ongea na watu, wawili wawili, mkiwa na chai. Dodoso hupata majibu ya adabu, ila mazungumzo hupata majibu ya kweli. Usiulize "ungependa mazoezi gani?" maana kila mtu atasema yoga na kuogelea. Uliza: "Mchana nini kinakuzuia kuinuka?" Jibu utakalolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nikiinuka, bosi anadhani sina kazi."

Andika jibu hilo kwa herufi kubwa. Ndilo hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Omba muda kabla ya kuomba pesa

Ukienda kwa mkurugenzi na orodha ya vifaa vya gym, ataangalia bajeti na kukuambia mwaka ujao. Nenda na maombi ambayo hayagharimu chochote lakini yanahitaji sauti yake: saa ya chakula isipangiwe vikao, vikao vya saa nzima viwe vya dakika 50, na mkuu wa kila idara aonekane akiinuka. Hilo la mwisho lina uzito kuliko waraka wowote. Bosi akipanda ngazi mara moja mbele ya watu, ruhusa imetolewa. Akituma barua pepe ya kuhimiza mazoezi huku yeye akila mezani kwake hadi saa tisa, watu watafuata meza, si barua pepe.

Jihadhari na ahadi. Usimwambie kwamba gharama za matibabu zitashuka mwakani, kwa sababu tafiti zile mbili hazikuona hilo. Mwambie unachoweza kukitimiza: watu watapunguza muda wa kukaa, watakunywa maji zaidi, na chakula kinachonunuliwa kwa pesa ya ofisi kitakuwa bora. Ahadi ndogo unayoitimiza itakuombea bajeti ya mwaka wa pili.

Hatua ya 4: Anza na vinywaji na meza ya kikao

Hapa ndipo penye ushindi wa mapema, kwa sababu ofisi yenyewe ndiyo mnunuzi. Hakuna mtu wa kumshawishi zaidi ya yule anayeagiza.

Mfano ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Mwaka 2015 kiliacha kuuza vinywaji vyenye sukari katika maeneo yake ya kazi. Hakikumkataza mtu kuja nacho kutoka nyumbani, kiliacha tu kuuza. Watafiti waliwafuatilia wafanyakazi 214 waliokuwa wanywaji wakubwa wa vinywaji hivyo. Miezi 10 baadaye, unywaji wao ulikuwa umepungua karibu nusu, na viuno vyao vilipungua kama sentimita 2 kwa wastani.

Kama kuondoa kabisa kutazua ugomvi, panga upya. Hospitali ya Massachusetts General huko Boston ilibandika rangi za taa za barabarani kwenye vyakula vya mgahawa wake: kijani, njano, nyekundu. Baadaye ikahamisha vitu vya kijani kwenye rafu za usawa wa macho na kuweka maji kwenye vikapu karibu na chakula. Mauzo ya vitu vyekundu yakashuka na maji yakanunuliwa zaidi. Wewe huhitaji hata rangi. Maji yasogezwe mbele, soda zishuke rafu ya chini kabisa.

Sasa meza ya kikao. Kaa mwisho wa kikao kimoja uangalie nini kimebaki. Biskuti zimeisha, zimebaki chembechembe kwenye sahani. Machungwa mazima yako vilevile yalivyoletwa, yamepangwa vizuri, hakuna aliyeyagusa. Atakayesimamia bajeti atasema: "Mnaona? Watu hawapendi matunda." Si kweli. Chungwa zima halimenywi juu ya kompyuta wakati mkurugenzi anaongea. Maji yatachuruzika, maganda hayana pa kwenda, na mikono itanata hadi jioni. Agiza matunda yaliyokwisha kumenywa na kukatwa vipande, kwenye bakuli, na vijiti au uma pembeni. Yaweke katikati ya meza. Biskuti, kama lazima ziwepo, zikae kwenye meza ya ukutani ambako mtu lazima ainuke kuzifuata. Nusu ya kazi imekwisha.

Andika agizo la kudumu na umpe anayeagiza chakula cha vikao. Linaweza kuwa fupi hivi:

"Kila kikao: maji ya kutosha, matunda yaliyokatwa, aina mbili, karanga au njugu zisizo na chumvi, na ziwe mbali na vitu vingine kwa ajili ya wenye mzio. Chai na kahawa ziletwe bila sukari, sukari iwe pembeni. Vitu vya kukaanga na keki: kwa sherehe tu."

Neno "sherehe tu" ni muhimu. Ukifuta keki ya siku ya kuzaliwa utaonekana mchawi, na hautakuwa umeokoa afya ya mtu yeyote. Tatizo ni keki ya kila Jumanne.

Hatua ya 5: Weka mwendo ndani ya kazi

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima. Makondakta, watu wa mazingira yaleyale na zamu zilezile, walipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa kiwango kidogo zaidi. Hakuna aliyewaambia wafanye mazoezi; ngazi zilikuwa sehemu ya kazi. Hiyo ndiyo hali ya kuitafutia nafasi ofisini kwako.

Kuhusu kukaa, uchambuzi wa Ulf Ekelund na wenzake wa mwaka 2016, uliojumlisha takwimu za zaidi ya watu milioni moja, ulionyesha kwamba anayekaa zaidi ya saa nane kwa siku anahitaji kama dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya wastani kila siku ili hatari ya ziada ya kukaa ifutike. Wachache wana muda huo jioni. Basi igawe siku. Keith Diaz wa Chuo Kikuu cha Columbia alijaribu mwaka 2023 na watu 11 tu, kwa hiyo tusikuze mambo, lakini alichoona kinaeleweka: waliotembea dakika tano kila nusu saa, sukari yao ya damu haikupanda baada ya kula kama siku walipokaa mfululizo. Kila nusu saa ni ndoto kwa ofisi nyingi. Kila saa inawezekana.

Kinachowezekana kwa vitendo ni haya.

Ngazi kwanza, kwa sababu tayari mnazo. Kufuli litoke, taa zirekebishwe, ndoo zihame, kuta zipakwe rangi. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilijaribu katika jengo lake moja huko Atlanta: zulia jipya, rangi, picha za ukutani, maneno ya kuhimiza, hatimaye muziki. Matumizi ya ngazi yakaongezeka. Bango liwekwe pale mtu anaposubiri lifti, si kwenye korido, na limwelekeze mlango: "Ngazi ziko kushoto, hatua kumi." Na usiwaaibishe wanaopanda lifti. Huwezi kujua nani ana goti bovu, nani ni mjamzito, nani ana pumu.

Pili, kikao cha kutembea. Kinafaa watu wawili au watatu wenye jambo lisilohitaji skrini, kwa mfano tathmini ya mwezi kati ya msimamizi na msaidizi wake, au kupanga safari. Wanne wakitembea, wawili wa nyuma wataanza kikao chao. Mwaliko uandikwe wazi mapema, "tutatembea dakika 25, vaa viatu rahisi", na msimamizi amuulize mwenzake kama njia hiyo inamfaa. Maamuzi yaandikwe mkirudi, kabla ya kukaa.

Tatu, mazoezi ya pamoja mafupi. Wajapani wamekuwa na mazoezi ya viungo yanayoongozwa na redio tangu mwaka 1928, dakika tatu hivi pamoja na muziki, na sehemu nyingi za kazi bado huanza siku nayo. Siri yake ni ufupi: hubadilishi nguo, hutoki jasho, anayesitasita anajikuta limekwisha. Pangeni saa moja ya kila siku, labda saa nne na nusu asubuhi, mkiwa mmesimama hapohapo mezani. Kuzungusha mabega, kujinyoosha, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kujisaidia kwa mikono, kusukuma ukuta mara kumi na tano. Hayo mawili ya mwisho ni mwanzo wa kuimarisha misuli, kitu ambacho programu nyingi za kutembea husahau. Aongoze mtu tofauti kila wiki, na asiwe yule mwanariadha wa ofisi. Watu hujiunga kirahisi wakimwona mhasibu mwenye kitambi akiongoza.

Meza zinazopandishwa na kushushwa? Nzuri kwa mgongo wa baadhi ya watu na kwa kubadili mkao, ila usizinunue kwa matumaini ya kupunguza uzito. Kusimama badala ya kukaa huongeza kalori chache mno, kama tisa kwa saa. Pesa hiyo irekebishe ngazi kwanza.

Hatua ya 6: Chakula cha mchana

Kama mna kantini, rafiki yako mkubwa ni mpishi, si mtaalamu wa lishe. Mwendee kabla hajasikia kwa bosi. Mwombe vitu vitatu: mboga ziwe za kwanza kwenye foleni ya kupakua, wakati sahani bado ni tupu, chumvi itoke mezani ikae sehemu moja, na sahani ya mfano ionyeshwe, nusu mboga na matunda, robo nafaka isiyokobolewa au kiazi, robo protini kama maharage, samaki, kuku au mayai. Mwombe pia apunguze chumvi kidogokidogo kwa wiki kadhaa bila kutangaza. Akiipunguza ghafla, watu watadai warudishiwe chakula chao.

Kama hakuna kantini, wekeni friji safi na kifaa cha kupashia moto, na mtu wa kukagua friji kila Ijumaa. Chakula cha kutoka nyumbani humpa mtu mamlaka juu ya mafuta na chumvi yake, lakini hakuna atakayekileta kama friji inanuka.

Halafu linda saa yenyewe. Anayekula kwa dakika saba huku akijibu simu hajui ameshiba lini. Dakika 10 za kutembea baada ya kula ndizo zoezi rahisi zaidi kulianzisha ofisini, kwa sababu watu tayari wanatafuta kisingizio cha kupiga soga.

Hatua ya 7: Mashindano, kwa tahadhari

Ya kupunguza uzito, kataa. Huwasukuma watu kukaa na njaa wiki ya mwisho, huwaumiza wenye historia ya matatizo ya kula, na kilo hurudi. Ya hatua yanaweza kufaa yakiwa ya timu, yakipima ongezeko na si jumla, na yakidumu wiki nne hadi sita, si zaidi. Zawadi iwe ndogo, ya wote. Zawadi kubwa huzaa wizi: utasikia mtu amefunga kifaa kwenye mguu wa mwanawe.

Hatua ya 8: Ulimi na siri

Hakuna mtu kupimwa uzito mbele ya wenzake, wala majina kutajwa kwenye kundi la WhatsApp. Mkifanya upimaji wa shinikizo na sukari, afanye mhudumu wa afya kwenye chumba chenye mlango, na majibu yawe ya mhusika peke yake. Rasilimali watu wasiyaone. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au ujauzito amuulize daktari wake kabla ya kuongeza makali ya mazoezi. Utani wa matumbo ukomeshwe na wewe wa kwanza. Na anayefunga asiulizwe kwa nini hajachukua tunda.

Wapo pia ambao programu hizi huwasahau. Mhudumu wa usafi ametembea tangu alfajiri. Hahitaji hatua zaidi, anahitaji kiti, maji na chakula kizuri. Wa mapokezi hawezi kuondoka mezani bila mtu wa kumshikia. Dereva amekaa kuliko mtu yeyote jengoni. Wapangie wa kuwapokea kwa dakika tano, kwa ratiba iliyoandikwa, la sivyo programu yako ni ya wenye vyeo.

Hatua ya 9: Pima mambo, si miili

Kabla hujaanza, na tena baada ya miezi mitatu, hesabu vitu vinavyoonekana: chupa za maji na soda zilizouzwa kwa wiki, matunda yaliyobaki baada ya kikao, watu waliopita mlango wa ngazi kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, wangapi wanakula mbele ya kompyuta, vikao vingapi vimeingilia saa ya chakula. Hesabu siku zilezile za wiki. Kisha rudi kwa wale wawili wawili na chai, uulize swali lilelile la kuinuka.

Kilichoshindwa kiondoe hadharani, bila kutafuta wa kumlaumu, na ujaribu kingine. Kilichofanikiwa kihamishie kwenye karatasi za ofisi: agizo la vikao liingie kwenye mkataba wa mtoa huduma ya chakula, dakika 50 ziwe mpangilio wa kawaida wa kalenda, ukaguzi wa ngazi uwe kwenye orodha ya kila mwezi ya msimamizi wa jengo, na zamu za kumpokea wa mapokezi ziingie kwenye ratiba ya idara. Kila kimoja kiandikiwe jina la cheo kinachokisimamia, si jina la mtu, maana mwaka ujao huenda wewe umehamishwa.